Lori jekundu peke yake si zimamoto

Moto ukizuka mtaani kuna sentensi mbili ambazo huwezi kukosa kuzisikia. Ya kwanza ni, "Hao watu wa faya wako wapi?" Ya pili huja baada ya lori kufika na kumwaga maji kwa dakika chache: "Wamekuja bila maji!" Hapo sasa kuna mtu ataokota jiwe. Umeziona hizo video. Iwe ni Gikomba, iwe ni Kisumu, mchezo ni ule ule, na katikati yake kuna jamaa watatu wenye helmeti wanaojaribu kuzima moto huku wakikwepa mawe.

Nataka kubishana na hizo sentensi mbili. Si kwamba natetea serikali ya kaunti hapa Kakamega, hao wana watu wao wa mawasiliano wanaolipwa kwa kazi hiyo. Shida yangu ni kwamba sentensi zote mbili zinachukulia zimamoto kuwa lori. Na tumezoeshwa hivyo. Gavana wa kaunti yoyote akinunua lori jekundu kuna utepe wa kukatwa, king'ora kinalia, wasee wanapiga picha, basi imeisha. Hakuna mtu huwahi kukata utepe wa bomba la maji lililochimbiwa chini ya barabara.

Tuanze na nani anafaa kuulizwa. Kabla ya ofisi yoyote, zimamoto ya huku kwetu ilikuwa nduru. Mama akiona moshi kwenye paa la nyasi la jirani anapiga nduru, na kila mwenye miguu anatoka mbio na ndoo au matawi mabichi. Haikuwa na bajeti, lakini kila mtu alijua jinsi ya kuita, na kila aliyesikia alijua ni lazima aende. Halafu mji ukaja. Dhahabu ilipopatikana huku mwanzoni mwa miaka ya 1930 watu walimiminika kutoka kila upande. Ndio wakati wa mgodi wa Rosterman, ingawa leo ukitaja Rosterman kijana anafikiria mtaa. Kakamega ikakua, baadaye ikawa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi. Maduka yakishabanana ukuta kwa ukuta, nduru haitoshi tena. Sheria ya zamani ya serikali za mitaa iliachia mabaraza ya miji na manispaa kazi hiyo. Ukiwa ndani ya mpaka wa manispaa ulikuwa na mtu wa kumlaumu. Ukiwa nje, ulibaki na nduru yako.

Katiba ya 2010 ilivuruga huo mpango, kwa nia nzuri. Fungua Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, namba 12: huduma za kuzima moto na kukabiliana na majanga ni kazi ya kaunti. Kaunti zilipoanza mwaka wa 2013 zilirithi huduma ambayo ilikuwa imepangwa kwa ajili ya miji, zikaambiwa mpelekee kila mtu. Kwa Kakamega, huyo "kila mtu" ni watu 1,867,579 kwa sensa ya 2019. Sisi ni wa nne nchini kwa wingi, baada ya Nairobi, Kiambu na Nakuru, tumetawanyika kwenye kaunti ndogo 12 na zaidi ya kilomita 3,000 za mraba. Mzee wa Likuyani, kule tunakopakana na Uasin Gishu na Trans Nzoia, ana haki ya huduma hii sawasawa na mwenye duka hapa karibu na Muliro Gardens. Sasa fanya hesabu mwenyewe. Chumba chenye godoro la sponji na makochi kinaweza kuwaka chote ndani ya dakika tano hivi, wakati mwingine hata chini ya hapo. Ukitoa lori mjini hadi Likuyani, hata barabara ikiwa wazi kabisa, litapokewa na majivu na watu wenye hasira.

Kwa hivyo "wamechelewa" mara nyingi si uvivu wa dereva. Ni umbali. Na umbali hauzimwi kwa kununua lori la pili na kuliegesha kando ya lile la kwanza.

Majirani wetu walipanga kivingine. Tanzania ilitunga sheria mwaka wa 2007 na leo ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, moja kwa nchi nzima, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Namba yao ni 114, uwe Mwanza au Mtwara. Uganda iliweka zimamoto chini ya polisi. Sisi hatuna jeshi moja la kitaifa la kuzima moto. Tuna kaunti 47, kila moja na mpango wake.

Kuna marafiki zangu wanaosema hapo ndipo tulipokosea, kwamba tungerudisha kitu chote Nairobi. Siamini. Moto wa soko la Kakamega hauwezi kusubiri amri kutoka kwa ofisi iliyo Upper Hill, na mtu anayejua uchochoro gani wa Amalemba lori haliwezi kupita ni mtu anayeishi hapa. Ugatuzi ni sawa. Lakini kuna kitu ambacho lazima kiwe kimoja nchi nzima, na ili ukione inabidi twende Marekani kidogo, mwaka wa 1904.

Februari mwaka huo mji wa Baltimore ulishika moto. Wakaomba msaada, na miji jirani ikatuma watu na mitambo kwa treni, wengine kutoka Washington, wengine Philadelphia. Watu walifika mapema, wakiwa na mipira mizuri na moyo wa kusaidia. Wakajaribu kuunganisha mipira yao kwenye mabomba ya zimamoto ya Baltimore, mingi ikakataa kuingia. Kila mji ulikuwa umenunua viungio vya kipimo chake. Moto uliwaka kwa takriban saa 30 na kuteketeza zaidi ya majengo 1,500, huku wanaume waliokuja kusaidia wakishikilia mipira isiyoingia popote. Ni baada ya hapo ndipo Wamarekani walianza kusukuma kipimo kimoja cha viungio.

Sasa rudi huku kwetu. Siku soko letu litakapowaka, tutaomba lori la Vihiga, la Bungoma, la Kisumu. Yatakuja, maana barabara ni moja na watu ni wamoja. Je, mipira yao itaingia kwenye mabomba yetu? Kila kaunti hununua kivyake, kwa tenda yake, kwa muuzaji wake. Hili si swali la kisiasa, ni swali la fundi wa mabomba, na linaweza kujibiwa kwa alasiri moja mkikutanisha malori manne uwanjani Bukhungu na kujaribu kuyaunganisha. Ningelipa kiingilio kuangalia.

Sasa tuje kwa maji, kwa sababu hapa ndipo watu hurusha mawe. Lori la zimamoto hubeba lita elfu kadhaa. Tuseme 5,000. Mpira mmoja mkubwa ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi limekauka kwa dakika 10. Ukifungua mipira miwili, dakika tano. Kwa hivyo yule jamaa anayepiga kelele kwamba lori limekuja bila maji pengine ameliona likiwa limemaliza maji. Hivyo ndivyo lori linavyofanya kazi kila mahali duniani. Tangi lake ni la kuanzia tu, wakati mwenzako anatafuta bomba. Kazi yenyewe inategemea yale mabomba mafupi ya kando ya barabara ambayo lori huunganishwa nayo na kuendelea kumwaga maji. Bomba lisipokuwepo, au likiwepo lakini limefukiwa na lami, au kuna mtu amejenga kibanda cha mitumba juu yake, lori inabidi lifunge mpira, liende kutafuta maji, lirudi. Hapo ndipo mtaa unaona lori "likitoroka".

Na hii ni Kakamega, jamani. Mji ambao ukitoka bila mwavuli saa nane mchana unajitafutia. Isiukhu inapita hapa chini. Maji hayajatukosa. Tunakosa paipu ya kuyafikisha mahali pa moto yakiwa na presha, na tunakosa mtu anayezunguka na spana kila baada ya miezi michache kufungua kila bomba kuhakikisha halijashika kutu. Huyo mtu wa spana ni mzimamoto pia, pengine kuliko mwenye helmeti. Nionyeshe kaunti ambayo imemwandikia huyo mtu mshahara kwenye bajeti nami nitaiamini kuliko yenye malori mapya matano.

Kitu kingine ambacho hatukihesabu kama zimamoto ni mlango. Kyanguli, Machakos, mwaka wa 2001, wavulana 67 walikufa bwenini. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Na hapa kwetu, Februari 3, 2020, watoto 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikufa wakikanyagana kwenye ngazi wakati wa kwenda nyumbani. Hakukuwa na moto hata kidogo siku hiyo. Ilikuwa ngazi, na watoto wengi kuliko ngazi inavyoweza kubeba. Mtu yeyote anayefanya kazi ya kukagua majengo anajua kwamba njia ya kutoka ni ile ile, uwe unakimbia moshi au unakimbilia chakula cha jioni.

Baada ya msiba kama Kyanguli serikali iliandika mwongozo wa usalama shuleni, uliotoka 2008, unaosema madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Sawa, hiyo ni shule. Sasa tembea Lurambi, Kefinco, Sichirai, kule wanafunzi wa chuo wanakopanga keja. Ghorofa nne, ngazi moja, vyuma kwenye kila dirisha kwa sababu ya wezi, na geti linalofungwa kwa kufuli usiku, ufunguo ukiwa kwa soja. Kila chumba kina mtungi wa gesi wa kilo sita karibu na kitanda, kwa sababu chumba ni kimoja na jikoni ni pale pale. Stima imevutwa kwenye ekstensheni moja inayobeba pasi, kettle na simu nne. Sisemi vyuma viondolewe. Wezi wapo, najua. Kuna vyuma vya dirisha vyenye bawaba na komeo la ndani, fundi yeyote wa kuchomelea anakutengenezea. Mwenye nyumba hataviweka kwa hiari yake. Anahitaji mtu wa kaunti aje na karatasi amwambie, bila hili hupati cheti. Ukaguzi huo nao ni zimamoto, na ndio sehemu ya bei nafuu kuliko zote, kwa sababu hautumii dizeli wala maji.

Cha kushangaza ni kwamba mji huu huu una Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, chenye shule nzima inayofundisha usimamizi wa majanga na misaada ya kibinadamu. Watu hutoka mbali kuja kusomea hiyo kozi hapa. Wanafunzi wanaoisoma wanalala kwenye hizo keja nilizotaja. Kuna darasa zima la watu wanaoweza kuzunguka mji kwa wiki moja wakiandika ramani: bomba liko wapi, uchochoro gani hauingizi lori, jengo gani lina ngazi moja. Wape alama za kozi kwa hiyo kazi. Kaunti ichukue ramani.

Lakini hata ramani haizimi moto wa Khwisero saa tisa usiku. Kwa kijijini nadhani lazima turudi kwa nduru, ila tuipange. Mwaka wa 1824 mji wa Edinburgh ulimpa kijana mmoja, James Braidwood, kikosi cha kuzima moto. Hakuokota watu tu. Alichagua mafundi, waashi na maseremala na watu wa kuezeka, kwa sababu mtu aliyejenga nyumba anajua itaangukia upande gani. Aliwafanyisha mazoezi gizani, na aliwafundisha kuingia ndani karibu na chanzo cha moto badala ya kusimama barabarani na kurusha maji ukutani. Baadaye alienda London, ambako vikosi vilikuwa mali ya makampuni ya bima, akaviongoza vikiwa vimeunganishwa tangu 1833. Ukuta ulimwangukia akiwa kazini mwaka wa 1861. Ujerumani mpaka leo wazimamoto wengi sana ni watu wa kujitolea, karibu milioni moja, wenye kazi zao za kawaida. Wewe ni fundi wa magari, simu inalia, unaacha spana unaenda.

Hii kazi haihitaji digrii, na nasema hivyo kama mtu asiye nayo. Inahitaji mazoezi, buti, glavu na bima. Kakamega ina wadi 60. Kila wadi ina mafundi wa stima, wachomeleaji, na vijana wa bodaboda wanaojua kila njia na ambao hufika popote kabla ya gari lolote. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii 100,000, wakapewa vifaa na posho. Mfumo upo tayari. Chukua vijana kumi kwa kila wadi, wafunze kukata stima, kufunga gesi, kutoa mtu ndani ya moshi kwa kutambaa chini, na kuzuia watu wasisogee. Hilo la mwisho si dogo. Barabara ya Kisumu hadi Webuye inapita katikati ya mji wetu na malori ya mafuta yanaitumia. Sachang'wan mwaka wa 2009 zaidi ya watu 100 waliungua wakichota mafuta kwenye lori lililoanguka. Julai 2021 ikawa Malanga, Siaya, jirani zetu hapa tu, na bado watu walienda na mitungi. Hakuna lori la zimamoto linaloweza kufika kabla ya mtu mwenye mtungi wa lita 20. Kijana wa boda aliyefunzwa, ambaye hao watu wanamjua kwa jina, anaweza.

Nimalizie na namba, kwa sababu hii inaniuma. Mwaka jana gesi ililipuka kwenye ploti tunayoishi. Jirani mmoja alirusha blanketi lililoloweshwa, mwingine mchanga, ikazimika, hakuna aliyeumia zaidi ya nyusi. Lakini kabla ya hapo tulikuwa zaidi ya watu 20 pale nje, kila mtu na simu mkononi, na hakuna hata mmoja aliyejua namba ya kupiga. Mtu alisema 999. Hiyo, kama 112, inakupeleka kwa polisi, ambao inabidi wao nao watafute mtu wa kaunti. Bibi yangu alikuwa na nduru. Sisi tulikuwa na data.

Namba ya zimamoto ichapwe nyuma ya kila riflekta ya boda. Ichapwe kwenye risiti ya maji, kwenye leseni ya biashara, kwenye ukuta wa kila stendi. Hiyo haigharimu hata gurudumu moja la lori.

Sasa, kaunti kwa sheria inatakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka bungeni kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, na katikati ya hizo tarehe lazima wananchi waitwe kutoa maoni. Mikutano huwa mchana, siku ya kazi, na wanaokwenda ni wazee na wale wa kuitwa kwa soda. Wewe uliye na miaka 23 unaona tangazo unapita. Ukienda mara moja tu, usiombe lori. Muulize MCA wako bomba la zimamoto lililo karibu na soko liko wapi, lilifunguliwa lini mara ya mwisho, na ni nani aliyelifungua. Akikuonyesha picha ya lori kwenye simu yake, uliza tena.